Machozi Yaliyokwenda kwa Shamimu

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Madam Scholastika aliirudia methali hiyo ofisini kwa walimu tangu Shamimu aliporipoti shuleni. Aliisema akikoroga chai, aliisema akitafuta chaki, aliisema hata pale ambapo hakuna mtu aliyemuuliza neno. Wenzake walicheka mwanzoni. Baadaye wakaacha, maana mtu akirudia utani ule ule kila asubuhi, hujui tena kama ni utani au ni kidonda chenyewe kinachosema.

Lakini tumtendee haki. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa ushauri nasaha katika shule hiyo ya sekondari ya kata, chini ya milima, upande wa Bigwa. Hakuna aliyemchagua. Mkuu wa shule wa zamani alimnyooshea kidole kwenye kikao akasema, "Wewe una sauti," na kazi ikawa yake. Na aliifanya. Aliwahi kupanda mlima kwa miguu kumfuata mjomba mmoja aliyetaka kumwoza binti wa kidato cha pili, akamsomea huyo mjomba hadi akaomba maji ya kunywa, kisha akashuka na binti. Wasichana wasiokuwa na taulo za kike walijua droo gani ya meza yake ya kufungua.

Ila unasihi wake ulikuwa wa aina moja tu. Mtoto akiingia analia, Scholastika alimwambia afute machozi, asimame wima, ataje masomo anayofeli. Kisha alimpa hotuba. Chai yake haikuwahi kupoa kabla shauri halijaisha. Mtoto alitoka amenyooka kama mlingoti wa bendera, na Scholastika akahesabu kwamba huko ndiko kupona.

Mwaka huu yakaja maelekezo mapya: wanafunzi wenyewe wachague walimu wa unasihi, mwanamke mmoja na mwanaume mmoja, kwa kura ya siri. Hiyo siri ilimshinda Mkuu wa shule, Mwalimu Rogers, ambaye ni mtu wa mkato. Karatasi za mitihani zenyewe hazitoshi, alisema, za kura zitoke wapi? Basi Jumatatu, kwenye paredi, akawasimamisha walimu mbele na kuwaamuru wanafunzi wapange mstari nyuma ya mwalimu wanayemtaka. Kwa wanaume, Mwalimu Omari wa hesabu alipita bila kupingwa, kwa kuwa wenzake wote walikuwa wamejificha ofisini. Kwa wanawake walisimama wawili, Scholastika na Shamimu.

Huyo Shamimu alikuwa binti wa Tabora, mwalimu wa jiografia, aliyemaliza shahada yake juzi tu pale Mazimbu. Mwembamba, mpole, ushungi wake umebanwa vizuri. Alikuwa na tabia ya kumsikiliza mtu huku ameinamisha kichwa upande, na akishasikia hakimbilii kujibu. Scholastika aliiona tabia hiyo kuwa ni uzito wa akili.

Wanafunzi wakaanza kutembea. Scholastika alisikia viatu vikiburuta vumbi na hakugeuka, kwa heshima yake. Alipogeuka, mstari wa Shamimu ulikuwa umezunguka mlingoti na kwenda kuishia vyooni. Nyuma yake yeye walisimama viranja wachache waliozoea kukaa upande wa mamlaka, watoto wawili wa kidato cha kwanza waliokosea njia, na Angelina.

Angelina ni mwanawe wa pekee, wa kidato cha tatu. Shuleni alimwita Madam kama wengine, kwa amri ya Scholastika mwenyewe, watu wasije wakasema anapendelewa. Siku hiyo alisimama nyuma ya mama yake ameinamisha macho, wenzake wakimtazama, na Scholastika akajiambia kwamba damu nzito kuliko maji. Alimeza aibu yote ya paredi kwa tonge hilo moja. Wamchukue huyo Mnyamwezi wao. Mtoto wangu ni wangu.

Alihitaji sana kuwa na kitu cha kuita chake. Mume wake, Laurenti, bwana shamba, alihamishiwa Mkuyuni miaka miwili iliyopita. Aliondoka na godoro na jiko la mkaa, akaahidi kurudi kila mwisho wa wiki. Wiki zikawa miezi, na miezi ikaleta jina: Rosa, mwanamke wa sokoni, muuza ndizi na mdalasini. Scholastika hakumweleza mtu. Ukimuuliza, alijibu, "Laurenti yuko kazini Mkuyuni," na hakuwa amesema uongo. Nyumbani alitangaza mara moja tu kwamba Angelina asikanyage huko na jina la huko lisitajwe mezani. Halikutajwa. Mama na binti walikula ugali wao, wakaosha vyombo, wakalala. Hakuna aliyelia. Scholastika aliusifu moyo wa binti yake kwa hilo, na wa kwake pia, ingawa wa kwake ulikuwa na mpangaji, wivu, aliyeingia siku jina la Rosa lilipofika na hajatoka mpaka leo.

Mpangaji huyo sasa alipata kazi mpya.

Stoo ya majembe ilisafishwa ikawa chumba cha unasihi. Shamimu akaleta mkeka na viti vya plastiki, akaweka benchi nje. Kwa bahati mbaya meza ya Scholastika ofisini ilikuwa dirishani, na dirisha lilitazama mlango ule ule. Alijikuta anajua nani ameingia, nani ametoka, nani amekaa muda mrefu. Wale wasichana wa droo ya taulo sasa walikuwa pale. Kijana mmoja mtundu wa kidato cha nne, ambaye Scholastika aliwahi kumchapa hadi fimbo ikakatika, alitoka mle ndani anajifuta kamasi, na siku iliyofuata akaokota takataka uwanjani bila kutumwa. Scholastika alimtazama yule kijana akiinama kuokota mfuko wa plastiki, akaumia kana kwamba ameibiwa.

"Wanakwenda kupewa pipi mle," alisema kwa sauti.

Mwalimu Omari, ambaye naye ni wa Tabora na kwa hiyo ni mtani wake, hakumwachia. "Mluguru, kubali tu yaishe. Sisi Wanyamwezi tulibeba mizigo ya watu tangu enzi za mababu. Sasa tumeongeza na ya moyoni."

Ofisi nzima ikaangua kicheko. Mtani hakasirikiwi, ndiyo sheria, kwa hiyo Scholastika naye akacheka, na kicheko chake kilitoka kama mtu anayekohoa mwiba wa dagaa.

Ni siku hiyo hiyo, kabla kengele ya mwisho haijalia, mlango wa stoo ulipofunguliwa na akatoka Angelina.

Alikuwa amelia. Hata kwa mbali ilionekana. Macho yamevimba na kuwa mekundu, anajifuta kwa mkono wa sweta. Shamimu alisimama mlangoni, hakumshika, hakumwambia kitu, alimtazama tu mpaka alipokata kona ya madarasa.

Scholastika aliweka kalamu chini. Mume wangu amechukuliwa, aliwaza, na sasa mtoto. Na kilichomchoma zaidi ni yale machozi. Angelina hakuwa amelia mbele yake tangu baba yake aondoke. Hata chozi la kitunguu alikuwa akilificha. Kumbe alikuwa nayo! Alikuwa nayo muda wote, akayaweka, akayatunza, kisha akaenda kuyamwaga kwa mwanamke wa juzi asiye na hata mtoto wa kuazima. Scholastika aliyaonea wivu machozi ya mwanawe kama mtu anavyoonea wivu mahari iliyopelekwa nyumba ya pili.

Nyumbani jioni alipika kuku. Alimpa Angelina paja, akakaa mbele yake, akangoja.

"Shule vipi leo?"

"Nzuri, mama."

"Hakuna kinachokusumbua?"

Angelina alikata tonge, akalizungusha kwenye mchuzi, akalirudisha kwenye sahani. Midomo yake ilifunguka kidogo. Scholastika aliona kwamba kuna neno linakuja, na kwa furaha ya kulipokea akalitangulia.

"Kwa sababu kama ni Baiolojia, umeshuka. Na mtu akishuka kidato cha tatu, cha nne atazama. Mimi nimefundisha miaka yote hii, najua. Matatizo yote ya mwanafunzi yana dawa moja, ratiba. Ukiwa na ratiba..."

"Nimeshiba," Angelina alisema. Paja lilikuwa halijaguswa.

Kesho yake Scholastika aliingia ofisini kwa Mkuu wa shule. Alijua anachokwenda kufanya, tusimpake mafuta. Alikaa, akapangusa goti, akasema kwa upole ambao si wake, "Mkuu, mimi simsemi mtu. Ila mlango ukifungwa na watoto wako ndani, watu husema. Leo ni wasichana, kesho ni wavulana. Mzazi mmoja akilichukua hilo akalipeleka kunakohusika, shule yetu itakuwa wapi?"

Mwalimu Rogers haogopi njaa wala mvua ya Uluguru. Anaogopa maneno ya wazazi. Siku hiyo hiyo akatoa amri: unasihi ufanyike mlango ukiwa wazi, na benchi lisogezwe karibu na ofisi ya walimu.

Basi tena. Nani atamwaga ya moyoni mwake huku kidato cha pili wakipita na ndoo zao, wakichungulia? Benchi likabaki na vumbi. Shamimu hakugombana. Alikaa ndani, mlango wazi, akisahihisha madaftari, na kila kivuli kilipopita aliinua kichwa. Scholastika alimwona kutoka dirishani na akasikia utamu mdomoni, utamu wa kweli, kama amelamba sukari guru. Alijua kwamba ni kijiba cha roho. Hakukitoa.

Akangoja Angelina arudi kwake. Ndiyo iliyokuwa hesabu yake: kisima cha pili kikifukiwa, mtu atarudi kwenye cha kwanza.

Angelina hakurudi. Alifunga mdomo. Nyumbani alijibu ndiyo na hapana, chakula alikichokonoa, usiku alijigeuza kitandani hadi ubavu wa kitanda ukalalamika. Kwenye jaribio la Baiolojia, darasani kwa mama yake mwenyewe, alirudisha karatasi tupu. Alikuwa ameikalia mikono yake. Scholastika alipomwamuru aitoe, akaona inatetemeka.

Alhamisi kiranja alikuja anakimbia. Angelina alikuwa amekaa nyuma ya simtanki la maji, anahema kama mtu aliyetoka kupanda mlima, na pumzi haimtoshi. Wasichana wenzake walikuwa wamemzunguka wakimpepea kwa madaftari. Scholastika alipiga magoti mbele yake. Moyo wake ulikuwa unapiga kwa hofu, na hofu ilipotafuta maneno ikakuta yale ya siku zote.

"Angelina. Futa machozi. Simama wima."

Hakukuwa na machozi. Uso ulikuwa mkavu kabisa. Angelina alijishika kwenye bomba, akasimama wima kama alivyoambiwa, akasema, "Ndiyo, Madam."

Scholastika alikuwa amewasimamisha watoto wengi namna hiyo na kila mara alifurahi. Leo aliogopa. Alimwona mwanawe amenyooka na hayupo.

Alimpeleka kwenye zahanati. Mganga akampima, hakuona homa wala malaria, akauliza kama kuna jambo linalomsumbua mtoto. Scholastika akajibu kwamba hajui. Lilikuwa jibu gumu kulitoa kuliko yote aliyowahi kuyatoa, na alilitoa mbele ya mtoto mwenyewe.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, alitembea hadi stoo ya majembe. Walimu wote walimwona akivuka uwanja, na aliwaacha waone.

"Shikamoo, Madam," Shamimu alisimama.

"Marahaba. Mwanangu ana nini?"

Shamimu alimvutia kiti. Scholastika hakukaa.

"Nimemsihi akwambie mwenyewe," Shamimu alisema. "Siwezi kulitoa bila yeye."

"Mimi ndiye mama yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wewe uchungu umeusoma kwenye vitini vya Mazimbu."

"Ni kweli, Madam."

"Ana mimba?"

"Hana. Wala hakuna mtu aliyemgusa. Lingekuwa jambo la namna hiyo, au la kutaka kujidhuru, ningekuja kwako siku ile ile, na kwa Mkuu. Hilo hata yeye nilimwambia tangu mwanzo."

Kifua cha Scholastika kililegea kidogo, na kilipolegea likatoka lile lililokuwa limejificha chini. "Kwa nini wewe?" aliuliza. "Nina nini mimi, mpaka mtoto wangu akalilie kwako?"

Shamimu aliinamisha kichwa upande, kama kawaida yake. Scholastika alitamani kumzaba kofi kwa huko kuinamisha kichwa.

"Muulize yeye," Shamimu alisema mwishowe. "Nitamwomba mkae hapa, wote wawili, nami nikiwepo. Lakini, Madam, akikujibu, usimjibu. Nyamaza kwanza. Na jambo la pili, mlango ukiwa wazi hataongea. Nilishamwomba Mkuu, akakataa. Anasema kuna mtu alilalamika."

Alisema hivyo bila kumtazama. Alijua. Pengine alijua tangu siku ya kwanza, na hakuwa amemwambia mtu. Wema wake huo ulimkera Scholastika kuliko tusi.

"Mlango nitaufunga mimi," alisema, akatoka.

Kwa Mwalimu Rogers hakukaa. "Mkuu, yale maneno ya mlango yafute. Niliyasema kwa wivu." Alitaka kuongeza maelezo, akaona kwamba maelezo yote yangekuwa uongo, akaaga. Mwalimu Rogers, ambaye katika maisha yake ya utumishi hakuwahi kusikia mwalimu akisema neno hilo ofisini mwake, aliruhusu mlango urudishiwe, ila dirisha libaki wazi.

Walikutana Jumatatu baada ya masomo. Wingu lilikuwa limeshuka mlimani hadi kwenye mapaa ya madarasa na manyunyu yalianza. Angelina aliingia, akachagua kiti kinachomtazama Shamimu. Mama yake akabaki kando, akiona shavu tu na sikio.

"Nisemeje?" Angelina alimuuliza Shamimu.

"Anzia popote."

"Mama nikimwambia jambo, ananifundisha," alisema.

Scholastika alifungua mdomo kumweleza kwamba si kweli, kwamba mzazi ana wajibu wa kuelekeza. Akayakuta macho ya Shamimu. Akaufunga.

"Mwambie lile la Eric," Shamimu alisema taratibu.

"Baba ana mtoto," Angelina alisema. Aliyasema maneno hayo akiitazama meza. "Wa kiume. Anaitwa Eric. Baba alikuja getini kuniambia, siku ile walimu mlikuwa semina. Alikuwa amefurahi, Madam. Alikuwa anacheka. Aliniambia, sasa una mdogo wako."

Scholastika hakujua habari za mtoto yeyote. Wa kiume! Laurenti aliyeomba mtoto wa kiume kila mwaka, na kila mwaka tumbo lake Scholastika likakataa, hadi wakaacha kulizungumza. Kumbe muuza ndizi amempa kama anayeongeza kichane kimoja juu ya mkungu. Alishika kingo za kiti. Alitaka kuuliza kama anafanana na Laurenti. Alitaka kuuliza hilo kuliko kitu kingine duniani, na hakuuliza.

"Jumapili iliyofuata nikaomba afe," Angelina alisema. "Kanisani. Mama alikuwa amepiga magoti kando yangu, anasali. Nami nikamwambia Mungu amchukue huyo mtoto ili baba arudi nyumbani. Nikaomba na Jumapili nyingine. Halafu akaugua. Mapafu. Wakamleta huku hospitali ya mkoa. Baba akanipigia kwa simu ya mama yake rafiki yangu Paskalia, nikaenda kumwona baada ya shule. Ana mrija puani. Ni mdogo hivi." Alionyesha kwa viganja. "Alinishika kidole, akakataa kukiachia. Sasa nampenda, na mimi ndiye niliyemuua."

"Hajafa, Angelina," Shamimu alisema.

"Walimruhusu, wakamrudisha tena. Kila nikilala namwona."

"Tumelizungumza hili. Ugonjwa hauletwi na wazo la mtu. Ulikasirika, uliumia, ukaomba. Mtoto amepata homa ya mapafu kama watoto wengine wanavyopata."

Angelina alitikisa kichwa kukubali, kama mwanafunzi mwenye adabu anavyokubali hesabu ambayo hajaielewa. "Wewe huwezi kujua, Madam," alimwambia Shamimu kwa upole. "Wewe huna ubaya. Mtu mbaya ndiye anayejua."

Kwa mara ya kwanza Scholastika alimwona Shamimu hana la kusema, na wala hakufurahi, kwa sababu wakati huo alikuwa mbali, kanisani, amepiga magoti, rozari mkononi, binti yake kando yake. Alikuwa anaikumbuka sala aliyokuwa akiisali yeye.

"Mimi nilimsalia mama yake novena," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Angelina hata hakugeuka.

"Rosa. Nilimsalia novena nzima, siku tisa mfululizo, ili afe. Nilipoimaliza nikaanza nyingine. Nikawasha na mishumaa, ile mirefu ya bei."

"Mama!" Sasa Angelina aligeuka, kiti kikalia sakafuni.

"Karibu miaka miwili, Angelina. Nyumbani nilisali, kwenye jumuiya nilisali, hata nikisimamia mitihani nilikuwa namsalia. Na mimi nimebatizwa kabla yako, naimba kwaya, sala nazijua kuliko wewe. Kama wivu ungekuwa unaua, Rosa angekuwa ameshaoza. Mbona nasikia anauza ndizi zake sokoni na amenenepa?"

Angelina alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Mdomo ulimcheza. Kikamtoka kicheko kibaya, cha puani, na katikati ya kicheko hicho yakaja machozi, na yalipokuja hayakuwa na adabu hata kidogo. Alilia kwa sauti hadi kidato cha pili wenye ndoo wakasimama nje. Alimwangukia mama yake begani akamlowesha gauni. Scholastika alimshika. Ilimjia kichwani hotuba nzuri sana, yenye msamaha na Mungu na umuhimu wa masomo ndani yake, imejipanga yenyewe kama zamani. Aliiacha ipite.

Shamimu alikuwa ameinuka, akaenda dirishani kuwafukuza wale wa ndoo.

"Bado unamwombea?" Angelina aliuliza baada ya muda, uso ukiwa bado begani.

"Jana nilimwombea."

"Na leo?"

"Leo bado sijasali."

Angelina alijifuta pua. Pumzi yake ilikuwa inatoka na kuingia kama ya mtu. Scholastika alisikia wivu ukiwa pale pale ulipokuwa, haujahama hata chumba kimoja: kwa Rosa, kwa kile kitoto cha kiume, na kwa huyu Mnyamwezi aliyesimama dirishani ambaye bila yeye asingejua lolote.

"Muda wa kuona wagonjwa unaisha saa ngapi?" aliuliza.

"Saa kumi na mbili."

"Na yeye yupo? Rosa?"

"Yupo kila siku, mama. Analala pale pale chini ya kitanda cha mtoto."

Scholastika aliinuka. Alijitazama kwenye kioo cha dirisha, akarekebisha kola iliyoloweshwa, akafungua pochi akatafuta mafuta ya midomo. Alijipaka taratibu, juu na chini, akabana midomo, akajitazama tena. Kumwona mtoto mgonjwa atakwenda. Lakini mbele ya Rosa hakuwa tayari kutokea na midomo mikavu.

"Nimependeza?" aliuliza.

"Umependeza," Angelina alisema, akamshikia pochi.